Kagera 1978: kipande kile cha ardhi kilivyowavuta mpaka Walibya

Ukimuuliza kijana wa Kitanzania saivi kuhusu vita ya Kagera atakutajia hotuba ya Mwalimu Nyerere, yale maneno ya uwezo, sababu na nia, alafu anarukia moja kwa moja Kampala, Idi Amin wa Uganda kakimbia, tumeshinda, basi. Hata klipu zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila mwaka ni hizohizo. Mimi ukoo wa mama yangu ni wa Missenyi, ng'ambo ya mto Kagera, na huwa inaniuma kuona katikati ya stori panarukwa. Maana vita ile haikuanza kama vita ya kumng'oa Amin, ilianza kwa rais wa nchi jirani kutangaza kwamba kuanzia leo kipande hiki cha Tanzania ni cha Uganda, na Afrika nzima ikasikia, na wengi wakaona ni ugomvi wa watu wawili wakapatanishwe.

Nimeirudia sana kichwani hii habari tangu Urusi ilipotangaza kujichukulia mikoa minne ya Ukraine mwaka 2022, na huko nitafika, ila kwanza twende Kagera.

Mpaka wetu na Uganda upande wa magharibi wa ziwa Victoria haufuati mto wala mlima. Unafuata mstari wa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na huo mstari unatokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 wakiwa hukohuko kwao Ulaya. Mto Kagera wenyewe unapita kusini ya huo mstari kabla haujapinda kuingia ziwani, kwaiyo kinabaki kipande kati ya mto na mpaka, kilomita za mraba kama 1,840, yani ni eneo kubwa kuliko kisiwa cha Unguja. Ukitoka Bukoba kwenda Mutukula unavuka mto pale Kyaka, na enzi hizo lile daraja ndo lilikuwa kila kitu, likikatika watu wa ng'ambo wamebaki peke yao na yeyote atakayeshuka kutoka kaskazini.

Hoja ya Amin ilikuwa kwamba mto ndo mpaka wa asili. Ukiisikia haraka inaingia akilini kabisa, mstari wa kuchorwa na rula na mto unaoonekana kwa macho, nani asiyechagua mto? Ila waulize wanaokaa pale. Watu wa pande zote mbili za mto ni walewale, wanaoana, wanazikana, na hata ule mstari wa Mutukula wana shangazi na wajomba upande wa pili, hakuna sehemu utakayochora ukakuta umewatenganisha watu wasiojuana. Na hiyo ndo hali ya karibu kila mpaka Afrika. Ndo maana mwaka 1964 kule Cairo wakuu wa nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, walipitisha azimio la kuheshimu mipaka kama ilivyokutwa siku ya uhuru, na aliyelipeleka lile azimio ni Nyerere mwenyewe. Hawakufanya vile kwa sababu waliipenda mipaka ya wakoloni, walijua ni ya ovyo, ila waliona kabisa tukianza kurekebisha moja hakuna nchi itakayolala. Somalia na Morocco walilikataa, na miezi michache tu kabla ya mambo ya Kagera Somalia ilikuwa imetoka kupigana na Ethiopia kwa ajili ya Ogaden, Wacuba na Wasovieti wakiwa humo ndani. Kwaiyo mwaka 1978 hakuna kiongozi wa Afrika aliyekuwa na haki ya kusema sikujua haya mambo yanaishia wapi.

Na Amin hakuanzia kwetu. Februari 1976 alidai kwamba sehemu za kusini ya Sudan na eneo kubwa la Kenya, mpaka kilomita 32 hivi kabla hujafika Nairobi, kihistoria ni Uganda. Kenyatta akajibu kwamba hatoi hata inchi moja, majeshi yakasogezwa mpakani, Amin akarudi nyuma. Mimi nadhani tungelitazama lile tukio kwa makini zaidi, maana lilionyesha wazi kabisa kichwani mwake kuna ramani gani, ila watu walilichukulia kama porojo zake za kawaida.

Sasa sisemi Tanzania ilikuwa imekaa kimya inapika ndizi zake. Amin alimpindua rais Milton Obote Januari 1971 na Mwalimu akampokea Obote Dar, hakumtambua Amin, na Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda wenye silaha walivuka kutokea kwetu wakijaribu kumtoa wakashindwa vibaya. Baada ya hapo yakafanyika makubaliano Mogadishu, Oktoba 1972, kwamba kila upande uondoe jeshi lake kilomita 10 kutoka mpakani. Sisi hatukuwa na jeshi la maana kule kaskazini, macho yalikuwa kusini, kwenye ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kwaiyo mtu akinambia Nyerere alimchokoza Amin namwambia sawa, tuliongelee, lakini ugomvi wa marais wawili haumpi yeyote haki ya kuamka asubuhi akasema Kyaka ni yake. Hayo ni mambo mawili tofauti na yanachanganywa makusudi kila siku.

Mwaka 1978 Amin alikuwa na hali mbaya nyumbani. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, jeshi limegawanyika, makamu wake Mustafa Adrisi kapata ajali ya gari watu wanamnyooshea kidole rais, askari wengine wameasi. Waandishi bado wanabishana kama uvamizi aliupanga yeye au askari wake walivuka kwanza akalazimika kuubariki, ila mimi naona haibadilishi kitu. Oktoba yalianza mashambulizi madogo madogo ya mpakani, na tarehe 30 Oktoba wakaingia kwa maelfu, vifaru na kila kitu, wakafika mpaka mtoni. Tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba eneo lote ni la Uganda na mpaka mpya ni mto. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa.

Kilichofanyika ndani ya hizo wiki hakisemwi vya kutosha. Inakadiriwa raia 1,500 waliuawa, na maelfu kwa maelfu walikimbia kusini. Wanawake walibakwa, wengine wakabebwa kupelekwa Uganda. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Bibi yangu alikuwa mmoja wa waliovuka mto kabla daraja halijakatwa, na alivyokuwa anasimulia hakuwa anataja Amin sana, alikuwa anataja mabati. Waliporudi mwaka uliofuata nyumba ilikuwa imesimama lakini haina bati hata moja, haina mlango, haina dirisha, na migomba imeliwa na pori. Kuna jirani zake hawakuvuka kwa sababu mzee wao alikuwa mgonjwa, hakuna wa kumbeba, na bibi alikuwa akifika hapo kwenye masimulizi anabadilisha mada. Hatukuwahi kumuuliza zaidi. Pale Kyaka yamebaki magofu ya kanisa lililopigwa kwenye ile vita, ukipita simama uyaangalie, ni barabarani tu.

Alafu katikati ya yote hayo Amin akatoa pendekezo kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni kwa ngumi, Muhammad Ali awe refa. Magazeti ya dunia yakacheka sana, na mpaka leo ukitafuta habari za ile vita mtandaoni hicho ndo kitu cha kwanza wanakupa. Watu walikuwa wanachinjwa Missenyi na dunia inasoma habari za ndondi! Bado inanikera.

Sasa tuje kwenye OAU, maana kwangu hapa ndo penye uzito. Sheria ilikuwepo, imeandikwa, imepitishwa Cairo. Mvunjaji yupo, na hajajificha, katangaza mwenyewe. Tanzania haikuomba askari wala hela, iliomba kitu kimoja, kwamba OAU imlaani Amin kwa kuvamia na kutwaa ardhi. OAU haikufanya hivyo. Ilitaka mapigano yasimamishwe, ikatuma wapatanishi, mwenyekiti alikuwa Nimeiry wa Sudan, katibu mkuu Edem Kodjo akazunguka, na Nyerere akawaambia hawezi kukaa mezani kupatanishwa na mtu aliyekaa ndani ya nyumba yake. Nchi chache zilisimama na sisi bila kumung'unya, Msumbiji, Zambia, Angola, wale tuliokuwa nao mstari wa mbele. Msumbiji ilitoa mpaka kikosi cha askari, na yenyewe inapigwa na Rhodesia kila siku. Wengine wengi walikaa katikati.

Kukaa katikati kunaonekana ni busara, naelewa kabisa. Lakini angalia kilichotokea kwa sababu yake. Ukimwambia aliyechukua na aliyechukuliwa kwamba nyote wawili acheni, wakati askari wa mmoja wamekaa kwenye ardhi ya mwenzie, unakuwa umemwachia mvamizi alichokamata na umemwambia mwenye mali kwamba kama anaitaka akaichukue kwa bunduki. Amin alitangaza katikati ya Novemba kwamba ameondoa majeshi yake, na hayakuwa yameondoka yote. Na hakuna chombo chochote cha Afrika kilichoenda pale kuhakikisha.

Kwaiyo Tanzania ikafanya yale yaliyobaki. Jeshi lilikuwa halifiki watu 40,000, kwa miezi michache likafika zaidi ya 150,000 ukihesabu mgambo, polisi, magereza na JKT. Malori ya watu binafsi na mabasi yakachukuliwa, reli ikajaa askari, Sokoine akiwa waziri mkuu akawa anasukuma hayo mambo usiku na mchana. Kipande kikakombolewa. Na hapa ndo kila mtu alitakiwa kusimama, mpaka umerudi, twende nyumbani. Ila mizinga ya Amin ilikuwa kwenye mwinuko wa Mutukula inaangalia huku chini kwetu na hakuna yeyote aliyetoa ahadi kwamba hatarudi tena mwezi ujao, kwaiyo Januari 1979 Mutukula ikachukuliwa. Ikachukuliwa kwa hasira, nyumba zikasawazishwa kwa tingatinga, na raia wakauawa. Mwalimu aliposikia alichukizwa akatoa amri raia wasiguswe. Lakini Februari walipoingia Masaka mji ule uliharibiwa vibaya mno, kisasi cha Kagera. Hili na lenyewe tuliseme sisi wenyewe, tusisubiri Waganda watusemee, maana wa Masaka waliopoteza nyumba hawakuwa wamemega ardhi ya mtu.

Mpango wa Nyerere pale haukuwa Kampala. Alitegemea Masaka na Mbarara zikianguka Waganda wenyewe watainuka, na wakimbizi wa kina Tito Okello, Oyite-Ojok na Museveni watamalizia kazi. Ndipo Libya ikaingia. Gaddafi alikuwa na mkataba wa ulinzi na Amin, akamwaga askari na silaha, wapiganaji wa Kipalestina nao wakawemo, na mwezi Machi akampa Nyerere saa 24 aondoke Uganda la sivyo Libya inaingia vitani rasmi. Nyerere akaenda redioni akawaambia wananchi kama ilivyo, na jeshi likaendelea.

Fikiria hapo ni miezi minne tu. Amin alidai kipande cha migomba na nyasi kando ya mto, saivi Mtripoli aliyezoea jangwa anazama kwenye matope ya Lukaya. Tarehe 10 Machi Walibya na Waganda walikipiga kikosi chetu pale, brigedi 201 ambayo wengi wake walikuwa mgambo, kikarudi nyuma, usiku brigedi 208 ikazunguka kwenye mabwawa na asubuhi wakawabana pande mbili. Mamia ya Walibya walikufa kwenye ile vita, vijana ambao sidhani kama walikuwa wanajua Kagera iko wapi. Mwishoni mwa Machi ndege kubwa ya Libya, Tupolev ya Kisovieti, ilitumwa kupiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala na kumjeruhi mtu. Wazee wa Mwanza wanaikumbuka ile siku. Mngeuliza mwezi Oktoba kama Mwanza itapigwa bomu kutoka Afrika Kaskazini mngeonekana mmechanganyikiwa.

Kuna jambo moja kwenye ile vita ambalo nalipenda sana na sioni likisemwa. Jeshi letu lilipokaribia Kampala mwezi Aprili, Nyerere aliagiza barabara ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya waliobaki watoke. Hakutaka kuwazingira na kuwamaliza. Aliogopa vita ya Tanzania na Uganda isije ikageuka vita ya Waafrika na Waarabu, ikaenda mbali kuliko ilikofika. Wengi wao walitoka kupitia hapo. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na jeshi likasonga hadi mpaka wa Sudan, tarehe 3 Juni ndo ikaisha. Yule aliyeshika ramani nzima mkononi na adui kachoka, akachagua kumwachia mlango, hiyo kwangu ni akili kubwa kuliko hotuba yoyote, na huenda ndo sababu Gaddafi hakuendelea.

Gharama tulilipa sisi. Askari wetu 373 walikufa, 96 kati yao kwenye mapigano yenyewe na wengine kwa ajali na mengineyo, wengi wamezikwa Kaboya kule Muleba. Hela ilikadiriwa dola milioni 500, kwa nchi ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka na Kenya umefungwa, na mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda. Mwalimu akaomba tufunge mkanda miezi 18. Waliokuwa wakubwa miaka ya 80 wanajua ile miezi 18 ilivyokuwa mirefu, foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unga wa njano ule waliouita unga wa Yanga. Na Julai 1979 kwenye mkutano wa OAU Monrovia, Nimeiry na Obasanjo wa Nigeria walisimama kutusema sisi, kwamba Tanzania imeingilia nchi nyingine. Waliokaa kimya tarehe 1 Novemba walipata sauti Julai.

Sasa 2022. Februari mwaka ule balozi wa Kenya UN, Martin Kimani, aliongea kwenye Baraza la Usalama, akasema sisi Waafrika mipaka yetu hatukuichora, na tungeamua kufukuzia mataifa ya damu moja na lugha moja tungekuwa tunapigana mpaka leo. Ilikuwa hotuba nzuri na ni mawazo yaleyale ya Cairo 1964. Tarehe 30 Septemba Urusi ikatangaza Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson ni zake, na nyingine kati ya hizo haikuwa hata imezishika zote. Tarehe 12 Oktoba Baraza Kuu likapiga kura kusema hilo ni batili. Nchi 143 zikakubali, 5 zikakataa, 35 zikajizuia. Kenya ilikubali. Rwanda ilikubali. Tanzania ilijizuia. Uganda ilijizuia, Burundi ilijizuia, na Msumbiji ileile iliyotuletea kikosi mwaka 1978 ikajizuia.

Niliposoma ile orodha niliumia kweli, na sisemi hivyo kwa sababu naipenda NATO au kwa sababu nimeisahau Iraq na Libya ya 2011. Najua hoja zote, kwamba Wazungu wana unafiki wao, kwamba ngano na mbolea, kwamba Wasovieti walitupa silaha wakati wa ukombozi, zikiwemo zile za kurusha maroketi tulizoziita Saba Saba zilizomtoa Amin. Najua kutofungamana ni msingi wa sera yetu. Lakini Mwalimu huyohuyo wa kutofungamana, mwaka uleule wa 1978, Tanzania yake iliitambua Sahara Magharibi dhidi ya Morocco, na hakuna faida yoyote tuliyoipata pale. Kutofungamana kulimaanisha hatuna bwana, hakukumaanisha hatuna msimamo. Ile kura haikuuliza unampenda nani, iliuliza kama nchi inaweza kutangaza ardhi ya jirani ni yake ikawa yake. Hilo swali tuliwahi kuwauliza wenzetu sisi, na tunajua ilivyo kusubiri jibu wakati askari wa kigeni wamekaa Kyaka wanang'oa mabati.

Na isiishie Ukraine. Venezuela mwaka 2023 iliwapigisha watu wake kura kuhusu Essequibo, ambayo ni zaidi ya nusu ya Guyana, na ramani mpya zikachapishwa, na Brazili ikaongeza askari mpakani kwake. Guyana haina jeshi la kujitosheleza kama tulivyokuwa sisi hatuna jeshi kule kaskazini. Watakuja UN, na watakuja kwetu, na kura itarudi mezani tena kwa ajili yao au kwa ajili ya mwingine. Siku hiyo balozi wetu New York akibonyeza kitufe nataka abonyeze ndiyo, alafu asimame aeleze kwa nini, ataje Mutukula, Minziro na Kyaka kwa majina, maana hakuna nchi nyingi kwenye ule ukumbi zenye ushahidi kama wetu.